Jinsi ya Kunoa Kisu cha Kijapani kwa Kinoo cha Maji: Mwongozo Kamili kwa Mpishi wa Nyumbani

Wapishi wa nyumbani wenye visu vya Kijapani vilivyofuliwa kwa mkono huleta lalamiko lilelile. Kisu kilipokuwa kipya kilipita kwenye nyanya bila kusukumwa. Makali yakapungua, mwenyewe akanunua kinoo, akasugua nusu saa nzima, na kisu kikabaki butu vilevile au kikawa kibaya zaidi. Wengi hudhani wamekosea pembe au wameuziwa kinoo duni. Mara nyingi kosa haliko huko. Chuma hakikuliwa hadi kwenye ukingo wenyewe, kwa hiyo makali yaliyochakaa bado yapo palepale, na kila kinoo laini kinachofuata kinayang'arisha tu.

Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kosa hilo lisitokee. Zinahusu visu vilivyochongwa pande mbili, yaani gyuto (kisu kirefu cha mpishi), santoku (cha kazi zote), nakiri (cha mboga) na petty (kisu kidogo). Kama kisu chako ni yanagiba, usuba au deba, ambavyo kwa asili huchongwa upande mmoja na kuachwa na ubonde mwepesi upande wa nyuma, usifuate njia hii. Upande ule wa nyuma ukinyanyuliwa kidogo tu juu ya kinoo, umbo lake huharibika, na kulirudisha ni kazi ya fundi.

## Vifaa vya kuandaa

- Kinoo cha maji namba 1000 (namba ikiwa kubwa, kinoo huwa laini zaidi), chenye urefu wa sentimita 20 hivi na upana wa sentimita 6 au 7. Kazi karibu yote hufanyika hapa. Ukiwa na fedha za kinoo kimoja tu, nunua hiki.
- Kinoo laini cha namba kati ya 3000 na 6000, kwa ajili ya kumalizia.
- Kinoo cha kukwangua, namba 220 hadi 400. Hiki ni kwa kisu chenye mapengo tu.
- Bamba la almasi la kusawazishia vinoo. Badala yake unaweza kutumia msasa wa maji wa namba 120 hadi 240 uliolazwa juu ya kioo kinene au kigae kilichonyooka.
- Kalamu ya maka, penseli na rula.
- Beseni la maji, kitambaa kilicholowa cha kuweka chini ya kinoo, kitambaa kikavu, na gazeti la zamani.
- Taa yenye mwanga mkali, kwa sababu mwanga utakuonyesha mengi ambayo vidole havitaweza kukuambia.

Kuna vitu vitatu ambavyo ni afadhali viwekwe mbali na kisu hiki. Cha kwanza ni kile kinoleo kidogo chenye magurudumu ambacho kisu huvutwa katikati yake. Cha pili ni fimbo ya chuma yenye mifereji. Chuma cha visu vya Kijapani mara nyingi huwa na ugumu wa 60 hadi 65 kwa kipimo cha Rockwell C, ilhali visu vingi vya jikoni vya Kijerumani huwa 56 hadi 58. Chuma laini kikigongwa na fimbo hujikunja na kurudi mahali pake, lakini chuma kigumu hakijikunji, bali hubanduka vipande vidogo.

Cha tatu ni jiwe la mota, pamoja na gurudumu la mnoa visu anayepita mitaani na baiskeli. Mafundi hawa wanafanya kazi nzuri kwa panga na visu vya kawaida, lakini jiwe linalozunguka bila maji hupasha ukingo mwembamba joto kali kwa sekunde chache. Chuma cha kaboni cha visu hivi hupewa ugumu wake wa mwisho kwa joto la takriban nyuzi 150 hadi 200 za Selsiasi. Ukingo ukipashwa zaidi ya hapo hulegea, na sehemu iliyolegea haiponi mpaka iondolewe yote.

## Hatua ya 1: Kitambue kisu chako

Visu vingi vilivyofuliwa kwa mkono vina chuma kigumu katikati na chuma laini kilichofunika pande zote mbili. Karibu na makali utaona mstari, wakati mwingine ulionyooka na wakati mwingine wenye mawimbi, unaotenganisha sehemu mbili za rangi tofauti. Sehemu ya chini ya mstari huo ndiyo inayokata.

Kisha fahamu aina ya chuma. Shirogami na Aogami ni vyuma vya kaboni: hunoleka kwa urahisi lakini hushika kutu haraka. VG-10 na Ginsan havishiki kutu kwa urahisi, ila VG-10 hasa ina ukaidi wake katika Hatua ya 8, na ni vyema ulijue hilo mapema ili usikate tamaa.

## Hatua ya 2: Yakague makali chini ya taa

Elekeza makali juu, upande wa taa, kisha kiinamishe kisu taratibu mbele na nyuma. Makali yaliyo hai hayaonekani, kwa kuwa ni membamba mno kuakisi mwanga. Mahali palipochakaa huonekana mstari mweupe unaong'aa, na penye pengo huonekana nukta.

Weka alama ya maka kwenye bapa, juu ya kila sehemu inayong'aa. Ukiona pengo linaloonekana waziwazi kwa macho, anza na kinoo cha kukwangua hadi liishe ndipo uende namba 1000. Pengo lenye kina cha zaidi ya milimita 1 mpelekee fundi anayetumia vinoo vya maji, kwa sababu kuliondoa kunadai kukondesha bapa zima na si makali peke yake.

## Hatua ya 3: Andaa vinoo

Soma maelezo yaliyokuja na kinoo. Vinoo vya kawaida vyenye vinyweleo huzamishwa majini dakika 10 hadi 15, mpaka mapovu yaache kutoka. Vinoo vigumu vya kauri hunyunyiziwa maji tu wakati wa kazi. Viko pia vilivyoshikamanishwa kwa magnesia, ambavyo vikikaa majini kwa muda mrefu hupasuka. Kinoo cha asili kilichochimbwa mgodini nacho kisilowekwe.

Baadaye kisawazishe. Chora miraba kwa penseli juu ya uso wote wa kinoo, kisha kisugue kwa bamba la almasi au msasa huku ukimwagia maji. Miraba ikifutika kwenye pembe na kubaki katikati, kinoo kimebonyea. Endelea hadi alama zote ziishe, kisha kisuuze vizuri ili chembe za msasa zisibaki juu yake.

Usiiruke hatua hii hata kinoo kikiwa kipya. Juu ya kinoo kilichobonyea, pembe hubadilika kila kisu kinaposogea, hata mkono wako ukiwa imara kiasi gani.

## Hatua ya 4: Pima pembe na upake wino

Kwa gyuto na santoku nyingi, pembe ya nyuzi 15 kila upande inafaa kwa kazi za nyumbani. Wenye uzoefu hushuka hadi 12, lakini makali ya namna hiyo hayavumilii mkono mzito.

Huhitaji kifaa cha kupimia. Pima kwa rula upana wa bapa kutoka mgongo hadi makali. Kisu chenye upana wa milimita 45 hufikia nyuzi 15 mgongo ukiwa juu ya kinoo kwa milimita 12 hivi. Chenye milimita 50 huhitaji milimita 13. Kata kipande cha mbao chenye unene huo, kiweke chini ya mgongo kabla ya kuanza, uzoeze mkono na jicho, kisha kiondoe.

Sasa paka wino wa maka kwenye ule mteremko mwembamba wa makali, pande zote mbili, kuanzia kisigino (mwisho wa makali ulio karibu na mpini) hadi nchani. Sugua mara mbili au tatu tu kwenye kinoo, halafu tazama. Wino ukifutika juu huku ukingoni ukibaki, mgongo umeulaza mno. Ukifutika ukingoni peke yake, umeunyanyua mno. Ukifutika wote, pembe yako inalingana na ile aliyoiweka mtengenezaji.

Ninasisitiza wino kwa sababu unamaliza ubishi. Mtu anaweza kuamini kwa saa nzima kwamba anagusa makali, na wino ukamwonyesha kwa sekunde kumi kwamba hajayafikia hata mara moja.

## Hatua ya 5: Noa upande wa kwanza mpaka kaeri itokee

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila anayeshindwa hushindwa. Isome yote kabla ya kuushika mpini.

Weka kinoo juu ya kitambaa kilicholowa, mwisho wake ukuelekee. Kwa anayetumia mkono wa kulia: shika mpini, kidole cha shahada kikae juu ya mgongo, na kidole gumba kiwe kwenye bapa karibu na kisigino. Makali yaelekee kwako na ncha ielekee kushoto, upande wa kulia wa bapa ukilalia kinoo. Kisu kikae mshazari, si sambamba na kinoo wala si kukikingama kabisa. Weka vidole viwili au vitatu vya mkono wa kushoto juu ya bapa, karibu na makali bila kuyafikia.

Sukuma kisu mbele kwa kukikandamiza, kirudishe bila kukikandamiza. Makali yanapokuelekea, kwenda mbele ni kuyaburuta, na yakiburutwa hayachimbi kinoo. Nguvu ya kukandamiza iwe ya kilo 1 na nusu hadi 2. Kama hujui ni kiasi gani, weka kinoo juu ya mizani ya jikoni ubonyeze mara chache hadi mkono uzoee.

Mahali palipo chini ya vidole vyako vya kushoto ndipo panapoliwa na kinoo. Kwa hiyo usisugue kisu chote kwa mkupuo mmoja. Kigawe katika sehemu nne au tano, noa kila sehemu, kisha hamisha vidole. Ukifika kwenye mpindo unaoelekea nchani, nyanyua kiwiko cha mkono wa kulia kidogo, kwani ukiuacha mpini chini, ncha huelea hewani isiguse kinoo. Ndiyo maana visu vingi vilivyonolewa nyumbani hukata vizuri katikati na kukwama nchani.

Maji yatageuka tope zito la kijivu. Usilisuuze, kwa kuwa chembe zilizomo ndizo zinazofanya kazi. Kinoo kikianza kukauka, ongeza matone machache tu.

Kaeri ni nini? Kinoo kinapokula chuma hadi kikafika ukingoni kabisa, chuma chembamba kilichosalia hujikunja na kuchungulia upande wa pili, ule ulio juu. Kuipima, futa kisu, kisha pitisha ncha ya kidole taratibu kutoka kwenye bapa kuelekea nje ya makali, upande wa juu ambao hukuunoa. Usipitishe kidole kwa urefu wa makali hata kidogo, utajikata. Penye kaeri, kidole kitahisi kitu kinachokikwaruza kinapotoka. Pasipo kaeri, kitateleza.

Kaeri ndiyo ushahidi pekee kwamba pande mbili zimekutana. Hesabu ya misuguo haikuhakikishii chochote: sehemu moja ya kisu inaweza kuitoa mapema na nyingine ikachukua mara tatu ya muda huo, hasa kisigino, ncha, na zile sehemu ulizoziwekea alama katika Hatua ya 2. Rudi kwenye kila mahali palipo laini. Kwa kisu kilichochakaa sana, dakika 15 kwa upande mmoja si jambo la ajabu.

Umefanikiwa: kidole kinahisi mkwaruzo mwembamba usiokatika kuanzia kisigino hadi nchani. Ukikatika popote, hata kwa sentimita moja, usigeuze kisu.

## Hatua ya 6: Upande wa pili

Geuza kisu, makali yaelekee mbele, mbali nawe. Sasa kandamiza unapovuta kuja kwako, na legeza unaposukuma. Paka wino upya, kwani wengi hubadilisha pembe bila kujua mkono unapogeuka.

Upande huu huchukua muda mfupi zaidi. Noa mpaka kaeri yote ihamie upande wa kwanza, tena kuanzia kisigino hadi nchani.

## Hatua ya 7: Ipunguze kaeri ukiwa bado kwenye namba 1000

Watu hupenda kukimbilia kinoo laini wakiwa na kaeri nene, wakitumaini kitaiondoa. Kinoo laini hakina uwezo huo. Kitaipeleka huku na huku mpaka ikatike vibaya na kuacha ukingo uliochanika.

Punguza nguvu hadi nusu, noa upande mmoja misuguo michache, geuza, noa mwingine. Punguza tena, na tena, hadi mwisho uzito wa kisu chenyewe utoshe. Kila unapogeuza, kaeri inakuwa nyembamba. Ikishafika mahali unaihisi kwa shida, jaribu kukata gazeti. Kisu kinapaswa kukata tangu sasa, kwa sauti ya kukwaruza kidogo lakini bila kukwama. Kama hakikati gazeti hapa, kinoo cha 6000 hakitakiokoa: rudi Hatua ya 5.

## Hatua ya 8: Malizia kwenye kinoo laini

Suuza kisu na mikono ili chembe za kinoo cha namba 1000 zisihamie kwenye kilicho laini. Rudia mwendo uleule kwa nguvu ndogo, pembe ileile. Dakika 2 au 3 kila upande zinatosha, na kwa namba ya juu vidole huenda visihisi kaeri kabisa ingawa bado ipo.

Ili kuiondoa, geuza kisu kila baada ya msuguo mmoja, mwepesi kabisa. Kisha pitisha makali mara moja, bila kukandamiza, kwenye ukingo wa kipande cha mbao laini. Rudi kwenye kinoo misuguo michache, halafu buruta kisu juu ya gazeti lililolazwa kwenye kinoo, mgongo ukitangulia. Shirogami huiachia kaeri upesi. VG-10 huing'ang'ania, kwa hiyo rudia mzunguko huu hadi utakapoisha ule unaojulikana kama ukali wa uongo, yaani kisu kinachonyoa leo na kesho hakikati kitunguu kwa sababu kilikuwa kikikata kwa kaeri tu.

Si lazima upite namba 3000. Kwa nyanya, pilipili hoho na nyama, makali yenye meno madogo hushika ngozi vizuri zaidi kuliko yaliyong'arishwa mno. Namba 6000 ina faida zaidi kwa samaki mbichi na kazi za kukata nyembamba sana.

## Hatua ya 9: Jaribu

Shika ukurasa wa gazeti kwa mkono mmoja na ukate kwa urefu wote wa kisu. Sikiliza: sauti iwe moja tangu kisigino hadi nchani. Ikibadilika au karatasi ikichanika, hapo pana kaeri iliyosalia au pamebaki butu. Rudi chini ya taa utafute mstari mweupe.

Jaribio la mwisho ni nyanya iliyoiva. Weka kisu juu ya ngozi na ukivute bila kukikandamiza. Kikiingia chenyewe, kazi imekamilika.

## Hatua ya 10: Kausha na utunze

Osha kisu kwa sabuni, kifute na ukikaushe papo hapo. Chuma cha kaboni kilichotoka kunolewa hakina ngozi ya kukikinga, na huanza kushika kutu ndani ya dakika chache, hasa katika hewa ya pwani ya Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam. Rangi ya kijivu au ya samawati inayojitokeza kwa matumizi ni ya kawaida na husaidia kukilinda. Rangi ya machungwa ni kutu na iondolewe mara moja.

Kisu kisichotumika kwa siku kadhaa kipakwe mafuta kidogo. Wajapani hutumia mafuta ya tsubaki, yaani ya mbegu za kamelia. Mafuta meupe ya parafini yanayouzwa famasi kwa matumizi ya binadamu yanafaa pia. Mafuta ya kupikia yasitumike, kwa kuwa huganda na kunata. Vinoo vikaushwe kivulini, kamwe si juani wala karibu na jiko, kwa sababu hupasuka.

Makali haya hayakutengenezewa mifupa, nazi, nyama iliyoganda wala mhogo unaopasuliwa kwa kupindisha kisu. Ubao wa kukatia uwe wa mbao au plastiki, usiwe wa kioo wala marumaru. Ukisogeza vitunguu ulivyokata, tumia mgongo wa kisu.

## Kisu kikali kinachokwama kwenye karoti

Baada ya kunoa mara nyingi, kisu kinaweza kukata gazeti vizuri lakini kikapasua karoti au kiazi badala ya kukikata. Tatizo hapo ni unene. Bapa la kisu hupanuka kadiri unavyopanda kuelekea mgongoni, na kila unaponoa, makali hupanda kidogo na kukutana na chuma kinene zaidi.

Dawa yake ni kukondesha bapa: laza kisu chini zaidi, nyuzi 5 au pungufu, kwenye kinoo namba 220 hadi 400, ukandamize juu ya makali kwa milimita chache pande zote mbili, ukisimama kabla kinoo hakijafika ukingoni. Paka wino hapa pia. Mikwaruzo itaonekana kwenye bapa, na kwenye kisu chenye michoro ya mawimbi ya damaski michoro hiyo itafifia sehemu ya chini, kwa hiyo mwenye kuithamini sana sura ya kisu chake ampe fundi kazi hii. Ukishamaliza kukondesha, anza tena na Hatua ya 4.

Kati ya unoaji mmoja kamili na mwingine, kisu cha nyumbani hurudishwa hai kwa misuguo michache ya Hatua ya 8, ilimradi usisubiri mpaka mstari mweupe uonekane kwa urefu wote wa makali.